HD Kwenye Waya wa Zamani: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Yaeda Chini

Kabla hujamlaumu fundi wa Haydom aliyekuuzia king'amuzi cha HD, angalia waya uliochomekwa. Kama ni ule wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, basi picha unayoiona ndiyo yote ambayo waya ule unaweza kubeba: mistari 576, ile ile ya tangu Tanzania Bara ilipopata televisheni mwaka 1994. King'amuzi kinapokea HD kutoka kwenye dishi, kinaifungua vizuri, kisha kinaipunguza ili ipite kwenye tundu la njano. Hapo hakuna aliyekuibia wala hakuna kilichoharibika.

Shida ya kweli huanza pale ambapo vifaa vyako vyote vina uwezo wa HD, waya nao unao uwezo huo, na bado picha inakataa. Skrini inakuwa nyeusi huku sauti ikiendelea, au kunatokea ujumbe wa Kiingereza wenye herufi HDCP, au filamu inashuka ubora kimya kimya bila kukuambia. Hapo umekutana na kufuli lililowekwa makusudi na wenye filamu. Kazi ya mwongozo huu ni kukusaidia kutambua lini ni kufuli, lini ni waya tu, na lini fedha ibaki mfukoni. Kutoka bonde la Yaeda kupanda hadi Haydom au Mbulu mjini kwenda kubadilisha kifaa si safari ya kurudiarudia, hasa mvua zikishanyesha na mbuga ikajaa maji.

Waya ulizonazo

Waya wa AV unaujua. Kichwa cha njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Hauwezi kupitisha HD hata ukiununua kwa bei ya mbuzi, wala hata vichwa vyake vikiwa na rangi ya dhahabu. Muuzaji akikuambia huu ni "AV ya HD", mshukuru na uendelee na safari yako.

Waya wa component ndio unaowachanganya watu, kwa sababu vichwa vyake vinafanana na vya AV. Huu una vitatu vya picha, yaani kijani, bluu na nyekundu, pamoja na viwili vya sauti, nyekundu na nyeupe. Ndiyo, nyekundu mbili. Huu ni waya wa analojia, lakini una nguvu: unapitisha picha ya mistari 720 na hata 1080 bila taabu. TV bapa za miaka ya 2005 hadi 2012 nyingi zina matundu yake, na projekta nyingi za wakati huo zinayo pia. VGA, ule waya wa kompyuta wenye vipini kumi na vitano na skrubu mbili pembeni, nao ni wa analojia na nao hupitisha HD.

HDMI ni wa dijitali. Ulitoka mwishoni mwa 2002, na kuanzia hapo hadithi ikabadilika.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa mapema. Watu husema, "Si analojia ilishazimwa?" Kilichozimwa ni mitambo ya kurusha matangazo hewani. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Ndiyo maana antena peke yake haitoshi tena kwa TV ya chogo na ikabidi tununue ving'amuzi. Waya wa analojia kati ya king'amuzi na TV haukuguswa na uamuzi huo. Aliyeubana waya huo ni mtu mwingine kabisa, tena hakukaa Tanzania.

Aliyeweka kufuli, na kwa nini

Waya wa component una kasoro moja machoni pa wenye filamu: picha inayopita ndani yake iko wazi. Yeyote mwenye kifaa cha kurekodi anaweza kuuchomeka pale na kupata nakala safi ya HD. HDMI haiko hivyo. Kampuni ya Intel ilitengeneza mfumo unaoitwa HDCP, ambao toleo lake la kwanza ni la mwaka 2000. Unavyofanya kazi ni hivi: kabla picha haijatoka, kifaa kinachocheza kinaiuliza TV kama inao ufunguo unaokubalika. TV ikijibu sawasawa, picha inatumwa ikiwa imefumbwa, na TV inaifumbua. Isipojibu, unabaki na giza. Waya wa component hauna njia ya kuuliza wala kujibu.

Diski za Blu-ray zilipokuja mwaka 2006, wenye filamu na watengeneza vifaa walikuwa wameshaungana kwenye kundi linaloitwa AACS: IBM, Intel, Microsoft, Panasonic, Sony, Toshiba, Walt Disney na Warner Bros. Kanuni zao zina mambo mawili yanayokuhusu wewe. La kwanza ni alama inayoweza kuwekwa ndani ya diski. Deki ikiiona, inapunguza picha ya waya wa analojia hadi nukta 960 kwa 540. Piga hesabu: HD kamili ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo unabakiwa na robo. La pili lina tarehe. Deki za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya 31 Desemba 2010 zilitakiwa zitoe filamu zilizofungwa kwa ubora wa kawaida tu kupitia waya wa analojia, yaani mistari 480 au 576. Baada ya 31 Desemba 2013, deki mpya hazikuruhusiwa tena kutoa filamu hizo kwa waya wa analojia hata kidogo.

Niseme wazi ninavyoliona jambo hili. Funguo za AACS zilikuwa zimeshavuja na kusambaa mtandaoni mwaka 2007, na ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja Septemba 2010, miezi mitatu na kitu kabla ya tarehe ya kwanza. Mwizi wa filamu hakuwa na haja ya waya wa component. Aliyebaki nje ya mlango ni mtu aliyenunua TV yake kihalali mwaka 2005 na diski yake kihalali mwaka 2012. Lakini haitoshi kuwacheka wenye filamu. Waigizaji na watayarishaji wa Bongo movie wamelia miaka mingi kuhusu nakala za bandia zinazouzwa minadani, na diski zao za VCD hazikuwa na kufuli lolote. Kwa hiyo ulinzi mkali umewekwa kwenye filamu zinazotoka mbali, na zile za nyumbani zimebaki wazi.

Jaribio la flashi

Hili ndilo la kufanya kwanza, kabla ya kununua chochote. Tafuta video ya HD isiyo na kufuli: harusi iliyopigwa na mpiga video, video uliyorekodi mwenyewe kwa simu ikiwa imewekwa 1080, au filamu fupi ya mafunzo ambayo shirika limewaachia kijijini. Iweke kwenye flashi au kwenye diski, ichezeshe kwa kifaa kile kile, waya ule ule, TV ile ile.

Ikitoka kali na filamu ya kununua ikatoka hafifu au nyeusi, umepata jibu: ni kufuli. Zote zikitoka hafifu, tatizo ni waya, mpangilio wa kifaa, au TV yenyewe. Zote zikitoka kali, basi chanzo ulichokuwa ukilalamikia ndicho chenye picha mbaya tangu mwanzo. Hili la mwisho hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. VCD katika mfumo wetu wa PAL ina nukta 352 kwa 288 tu, na DVD ina 720 kwa 576. Ukiichukua VCD ya mnadani ukaipitisha kwenye HDMI ya bei kubwa hadi kwenye TV ya inchi 43, utakachopata ni mistari 288 iliyovutwa hadi ikachoka.

Jambo la kuzingatia: usipime kwa menyu. Menyu ya king'amuzi, ya deki au ya PlayStation haina kufuli. Itatokea safi kabisa, utafurahi, na utamlipa muuzaji. Giza linakuja pale filamu yenyewe inapoanza. Pima kwa filamu au chaneli ile ile unayotaka kuitazama nyumbani.

Dalili zinazofanana na kufuli, lakini siyo

Picha isiyo na rangi kabisa, nyeusi na nyeupe. Kwenye TV nyingi tundu la kijani la component na la njano la AV ni moja. Ukichagua AV wakati umechomeka component, utapata picha bila rangi. Badilisha chaguo kwenye rimoti.

Picha yenye rangi ya kijani kibichi au zambarau kila mahali. Umebadilisha bluu na nyekundu, au umechomeka nyekundu ya sauti kwenye nyekundu ya picha. Kila mtu amewahi.

Picha inayopanda na kushuka kama pazia, au inayotetemeka bila rangi. Kifaa kimewekwa NTSC na TV inataka PAL. Badilisha kwenye mipangilio.

Picha inayong'aa kisha kufifia, kung'aa kisha kufifia, kila sekunde chache. Hii sasa ni kufuli, lakini la kizazi cha kwanza. Inaitwa Macrovision na ilianza kwenye kanda za VHS katikati ya miaka ya 1980. Inachanganya sehemu ya deki ya kanda inayopima mwanga, ili nakala iwe haitazamiki. Ukiipata siku hizi, uwezekano mkubwa ni kwamba umepitisha waya wa DVD ndani ya deki ya zamani ya kanda kabla haujafika kwenye TV, pengine kwa sababu TV ina tundu moja tu la AV. Itoe deki ya kanda hapo katikati na chomeka moja kwa moja.

HDMI inayozima na kuwaka, au yenye ujumbe wa HDCP unaokuja na kuondoka. Hapa usikimbilie dukani. Vifaa vimeshindwa kutambuana, na kwa wanaotumia sola sababu mara nyingi ni umeme. Betri ikishuka na inverta ikayumba, kifaa hupoteza ule mjadala wa funguo. Zima vyote, chomoa HDMI pande zote mbili, chomeka tena, washa TV kwanza, subiri picha ya TV itulie, ndipo uwashe king'amuzi. Ikiendelea, jaribu waya mwingine mfupi zaidi.

King'amuzi

Ving'amuzi vingi vya HD vinavyouzwa sasa, vya dishi na vya antena, vina HDMI na AV tu. Tundu la component halipo tena. Kwa hiyo mwenye TV bapa ya zamani yenye component bila HDMI hana njia rahisi. Atatumia AV na kupata mistari 576. Kwa nukta ni moja ya tano ya HD kamili. Lakini kwenye TV ya inchi 21 au 24, ukiwa umekaa hatua tatu nne, mpira wa Simba na Yanga utautazama bila malalamiko makubwa. Jezi utazitofautisha.

Usiutupe waya wa njano hata ukishahamia HDMI. Siku mtoto akibonyeza rimoti na kuweka ubora ambao TV yako haiuwezi, HDMI itakuwa giza na hutaona hata menyu ya kurekebisha. Chomeka AV, menyu itaonekana, rudisha 720 au 1080i, maisha yanaendelea.

Kama unayo chogo na unafikiria kununua kitu cha "kuifanya HD", acha. Hakuna kifaa cha kufanya hivyo. Chogo ya kawaida ya PAL huchora mistari 576 na basi. Kinachoweza kukushawishi kuiacha ni umeme. Chogo ya inchi 21 hutumia mara tatu au zaidi ya umeme wa TV ya LED ya inchi 24, na ukiiendesha kwa inverta unapoteza tena njiani. TV ndogo za volti 12 zinachomekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa sola, na nyingi zina HDMI. Kwa anayetegemea paneli moja na betri moja, hiyo ndiyo sababu nzuri ya kubadilisha. HD inakuja kama nyongeza.

Kibanda cha gemu na PS3 ya mtumba

PS3 imezunguka sana Afrika Mashariki kama mtumba, na ni mfano mzuri wa kufuli hili kwa sababu mashine moja ina tabia tatu tofauti.

Gemu hazihusiki na AACS. Ukitumia waya wa component, gemu zitatoka HD bila tatizo, tena kwenye TV isiyo na HDMI. DVD ya kununua itatoka kwa mistari 480 au 576 kupitia component. Ile kazi ya kuikuza hadi 1080 inaruhusiwa kwa HDMI tu. Na Blu-ray inategemea umri wa mashine. Geuza PS3 usome namba inayoanza na CECH. Kuanzia CECH-3000, zilizotoka mwaka 2011, na zote za CECH-4000, filamu ya Blu-ray kupitia component inashuka hadi mistari 480 au 576. Za kabla ya hapo zinatoa HD, isipokuwa diski iwe na ile alama ya kupunguza. Hakuna mpangilio wa menyu wa kubadilisha jambo hilo, na fundi akikuambia ana "programu" yake, muulize atakurudishia nini ikifa.

Jingine la PS3: kwenye HDMI huwa inadai HDCP muda wote, hata kwa gemu. Kwa hiyo projekta ya zamani isiyo na HDCP itakuwa giza tangu unapoiwasha. Tumia component. PS4 ni kinyume: haina tundu la analojia lolote, lakini kwenye mipangilio unaweza kuzima HDCP ukiwa unacheza gemu. Ukifungua programu ya filamu, utalazimika kuiwasha tena.

Simu kama deki

Siku hizi filamu nyingi zinafika bondeni zikiwa ndani ya simu. Faili alilokutumia ndugu yako kwa Bluetooth halina kufuli. Litatoka kwa waya wowote ambao simu inaukubali. Programu za kulipia ni jambo jingine. Kwenye simu za Android kuna mfumo wa Google unaoitwa Widevine wenye ngazi. Simu yenye ngazi ya L1 inaruhusiwa kuonyesha HD. Simu nyingi za bei nafuu zina L3, na hizo hupewa ubora wa kawaida tu, hata skrini yake ikiwa nzuri na kifurushi ukikilipia kikamilifu. Ipo programu ya bure iitwayo DRM Info inayokuonyesha ngazi ya simu yako. Itazame kabla hujanunua adapta ya kwenda kwenye TV, kwa sababu kama ni L3, HDMI haitakuongezea kitu kwenye programu hizo. Kumbuka pia kwamba tundu la Type-C peke yake si uthibitisho kuwa simu inatoa picha kwa waya. Simu nyingi zina tundu hilo kwa chaji na data tu.

Projekta ya mkutano

Shule, makanisa na mashirika yanayofanya mikutano ya kijiji hupokea projekta za msaada, na nyingi ni za zamani zenye VGA. Bonde la Yaeda limepigwa picha na wageni wengi kwa sababu ya Wahadzabe. Mwaka 2014, kwa mfano, Bill Benenson alitoa filamu ya *The Hadza: Last of the First*. Siku mtu akitaka kuwaonyesha watu wa kijiji cha Mongo wa Mono filamu inayohusu maisha yao wenyewe, aulize mapema itakuja kwa njia gani. Ikija kama faili la kawaida kwenye flashi, kompyuta na VGA vinatosha, na ukutani itatokea kwa uwezo wote wa projekta. Ikija kupitia programu ya kulipia au diski ya Blu-ray, VGA inaweza kukataa mbele ya mkutano mzima, wazee wakiwa wameshakaa. Mwandikie mtayarishaji umwombe faili la kuonyeshea hadharani. Wengi hukubali, na utakuwa umepata ruhusa na picha kwa barua moja.

Adapta ndogo ya HDMI kwenda VGA itakusaidia kwa kompyuta inayoonyesha ramani, picha na faili zako. Usiitegemee kwa filamu iliyofungwa. Masharti ya HDCP hayaruhusu kifaa kuipokea picha iliyofungwa na kuitoa ikiwa HD wazi upande wa pili.

Konventa ya HDMI kwenda AV

Kile kiboksi cha plastiki chenye tundu la HDMI upande mmoja na rangi tatu upande mwingine kinafaa kwa hali moja: una kifaa kipya chenye HDMI pekee na TV ya chogo. Kinashusha HD hadi mistari 480 au 576. Hakifanyi kinyume, kwa hiyo hakikisha mshale unaelekea upande unaoutaka, maana cha AV kwenda HDMI kinafanana nacho na wauzaji huvichanganya.

Kinahitaji umeme wa volti 5 kutoka USB, na bila huo huwa na picha inayokatika. Kina swichi ndogo ya PAL na NTSC, weka PAL. Kuhusu HDCP, vingine vinapitisha filamu zilizofungwa na vingine vinatoa giza, na boksi la nje halikuambii ukweli. Njia pekee ni kubeba kifaa chako hadi dukani na kukijaribu pale pale kwa filamu yenyewe. Kama ni king'amuzi, nenda kwenye duka lenye dishi lililofungwa, weka kadi yako, fungua chaneli unayoilipia.

Utaambiwa pia kuna viboksi vya "kutoa HDCP". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa uingizaji na utengenezaji wa vifaa vilivyokusudiwa kuvunja ulinzi wa kunakili, na mwenye biashara ana mengi ya kupoteza kuliko mtazamaji wa nyumbani. Mwenye banda la video ana jambo jingine la kuangalia kabla hata ya waya: kifurushi cha nyumbani hakikupi haki ya kutoza kiingilio, na filamu za kuonyesha kwa malipo zinahitaji kibali cha wenye haki. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuuliza.

Kwa banda lenye TV zaidi ya moja, waya wa zamani bado una faida ambayo mafundi wa baa wanaijua vizuri. AV inagawanywa kwa kifaa cha bei ndogo, haiulizi funguo, na inavumilia urefu. HDMI ikizidi mita kumi hivi huanza kusumbua, na kigawanyio chake lazima nacho kikubalike na HDCP, la sivyo TV zote zinakuwa giza kwa sababu ya moja. Weka HDMI kwenye TV kubwa ya mbele, AV kwenye zile za nyuma. Watazamaji wa nyuma wanatazama goli, hawahesabu nukta.

Ukinunua TV ya mtumba

TV za mtumba kutoka Ulaya huwa na kibandiko. Kikisomeka "HD ready", alama iliyoanzishwa mwaka 2005, maana yake TV ina mistari 720 au zaidi, ina component, na ina tundu la dijitali linalokubali HDCP. Hicho ndicho kibandiko cha kutafuta, hata kama TV imechubuka. Jihadhari na tundu la DVI lililo kwenye skrini ya kompyuta bila kibandiko chochote: huenda lisiwe na HDCP, na adapta haitalipa ufunguo. Ukitaka 4K ya filamu za kulipia, TV inapaswa kuwa na HDCP 2.2, na vifaa vyote vya katikati pia. La sivyo utapewa 1080, ambayo kwa kawaida inatosha.

Mwisho geuza TV usome nyuma kiasi cha umeme. Ikiwa imeandikwa 100V au 110–120V pekee, imetoka Japani au Marekani, na itaungua siku ya kwanza utakapoichomeka kwenye inverta ya 230, pamoja na HD yake. Tafuta iliyoandikwa 100–240V au 220–240V, na uombe iwashwe mbele yako kwa king'amuzi ulichokuja nacho.